Gene Roddenberry na Chumba cha Usukani: Maisha ya Mtunzi na Mandhari ya Tamthilia ya Anga

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa tamthilia, mandhari aghalabu huchukuliwa kuwa kipengele kidogo. Mhakiki hutaja mahali na wakati, kisha huharakia wahusika na dhamira. Mazoea hayo yana kasoro hata kwa tamthilia ya jukwaani. Kwa tamthilia ya televisheni, ambayo hurejea katika jukwaa lilelile juma hadi juma kwa miaka kadhaa, kasoro hiyo huwa kubwa zaidi. Makala haya yanaeleza maisha ya Eugene Wesley Roddenberry (1921–1991), Mmarekani aliyeasisi mfululizo wa Star Trek, kwa kuyatazama kupitia chumba kimoja tu: chumba cha usukani cha chombo cha anga kiitwacho Enterprise.

Neno chombo, kwa bahati njema, linatosheleza kabisa. Mswahili wa pwani alilitumia kwa jahazi na mtepe, na kizazi cha leo kinalitumia kwa kinachokwenda angani, bila maana yake ya msingi kukatika. Nahodha naye amehama vivyo hivyo kutoka tezi ya jahazi hadi katikati ya nyota. Roddenberry mwenyewe alifikiri kwa njia hiyohiyo: alipoombwa kueleza nahodha wake ni mtu wa aina gani, aliwarejesha waandishi wake kwa Hornblower, ofisa wa majini katika riwaya za Mwingereza C. S. Forester.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba chumba hicho kilifaulu kama jukwaa kwa sababu kiliwaweka waamuzi mahali ambapo walionana, walisikiana na waliweza kupingana. Na kwamba Roddenberry alikijua chumba cha namna hiyo kwa mwili wake kabla ya kukijua kwa kalamu. Hoja ya pili haipendezi sana kwa mashabiki wake: alipokuwa mzee, mtu huyohuyo alikaribia kukiua. Wasifu mbili kubwa zilizotoka mwaka 1994, ule wa David Alexander ulioidhinishwa na Roddenberry na ule wa Joel Engel uliomkosoa vikali, huvutana kuhusu hulka yake. Chumba chenyewe kinaweza kutoa ushahidi ambao sifa na lawama pekee haziwezi kuutoa.

2.0 Rubani, askari, mwandishi

Roddenberry alizaliwa tarehe 19 Agosti 1921 mjini El Paso, Texas. Alikuwa bado mtoto mdogo familia yake ilipohamia Los Angeles, ambako baba yake aliingia katika jeshi la polisi la mji huo. Kijana naye alisomea taaluma ya polisi chuoni, lakini njiani alijifunza kurusha ndege, na vita vilipoikuta Marekani mwaka 1941 alijikuta katika jeshi la anga, upande wa Pasifiki, akirusha ndege za mabomu aina ya B-17.

Tarehe 2 Agosti 1943, katika kisiwa cha Espiritu Santo ambacho leo ni sehemu ya Vanuatu, ndege aliyokuwa akiirusha ilishindwa kupaa. Ilipita mwisho wa njia ya kurukia, ikagonga miti. Wenzake wawili walikufa. Uchunguzi rasmi haukumtia hatiani. Alimaliza vita akiwa amekwenda katika safari za mashambulizi zinazohesabiwa kuwa 89, na alitunukiwa nishani ya Distinguished Flying Cross.

Baada ya vita aliajiriwa na kampuni ya Pan American. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Juni 1947, ndege iliyokuwa ikitoka Karachi kwenda Istanbul ilipata hitilafu ya injini juu ya jangwa la Syria. Moto ukazuka, na ndege ikaanguka karibu na mji wa Mayadin. Kulikuwa na watu 36 ndani yake, 15 walikufa. Roddenberry alikuwa mmoja wa maofisa wa safari hiyo. Kwa mujibu wa masimulizi ya waandishi wa maisha yake, alikuwa ametoka katika chumba cha rubani kwenda kuwaandaa abiria kwa ajali, na kwa sababu hiyo hakuwa na wenzake wa mbele ndege ilipogonga ardhi. Alivunjika mbavu mbili, lakini aliwatoa majeruhi katika mabaki yaliyokuwa yakiungua, na baada ya hapo alisaidia kuongoza juhudi za kutafuta msaada.

Ni rahisi kuyakuza matukio hayo mawili hadi yakawa ufunguo wa kila kitu alichokiandika, na wapo waliofanya hivyo. Tahadhari inahitajika. Hata hivyo, jambo moja haliwezi kupuuzwa. Watunzi wengi wa hadithi za anga katika zama zake walikuwa wamekiona chumba cha uongozi wa chombo katika filamu tu. Roddenberry alikuwa ameketi ndani yake. Alijua kwamba ni mahali padogo ambapo watu wachache wenye sauti tulivu huamua hatima ya watu wengi wasiowaona, na kwamba baina ya amri na maafa huenda pakawa na sekunde chache tu. Alijua pia, kutokana na usiku ule wa Syria, kwamba nyuma ya mlango wa chumba hicho kuna abiria.

Mwaka 1949 alifuata nyayo za baba yake na kujiunga na polisi wa Los Angeles, akabaki huko hadi mwaka 1956. Kazi yake ya maana zaidi huko ilikuwa ya kalamu: alimwandikia hotuba mkuu wa polisi, William H. Parker. Wakati huohuo alianza kuuza miswada ya televisheni, kwanza ya hadithi za polisi na kisha za wachunga ng'ombe wa magharibi ya Marekani. Muswada mmoja alioandika kwa mfululizo wa Have Gun – Will Travel ulimpatia tuzo ya chama cha waandishi. Mfululizo wake wa kwanza mwenyewe, The Lieutenant, ulihusu maisha ya wanamaji wa Marekani na ulidumu msimu mmoja tu, 1963 hadi 1964. Kipindi kimojawapo kilichohusu ubaguzi wa rangi jeshini kilizua mgogoro na shirika la utangazaji. Katika kipindi hicho aliigiza mwanamke mmoja mweusi, Nichelle Nichols, ambaye makala haya yatarejea kwake.

3.0 Chumba kinajengwa

Pendekezo la Star Trek liliandikwa Machi 1964. Kwa wanunuzi lilielezwa kuwa ni sawa na hadithi za misafara ya magari ya kukokotwa, ila msafara wenyewe unakwenda kwenye nyota. Maelezo hayo yalikuwa ya kibiashara na hayana budi kusomwa hivyo. Msafara wa magari hauna chumba cha usukani. Mvutano wake hutokea uwanjani, penye moto wa jioni. Hadithi ya Roddenberry ilihitaji mahali pengine pa kukutania.

Mahali hapo palibuniwa hasa na msanifu Walter Matt Jefferies (1921–2003), akisaidiana na wenzake katika studio ya Desilu. Jefferies naye alikuwa mtu wa ndege na mkongwe wa vita vilevile. Hapana budi kusisitiza jambo hili, kwani Roddenberry hakuwa mkarimu katika kugawa sifa. Ni Jefferies aliyetaka kila swichi ifikiwe na mkono wa aliyeketi, na kila kioo kiwe katika mwinamo unaolifaa jicho. Chumba kilikuwa cha duara, chenye ngazi mbili. Ngazi ya chini ilikuwa na kiti cha nahodha na, mbele yake, meza ya wawili: mshika usukani na mwelekeza njia. Ngazi ya juu ilizunguka kama baraza, na humo waliketi maofisa wa sayansi, mawasiliano na mitambo, wakizipa kuta nyuso zao na nahodha migongo yao. Mbele kabisa kulikuwa na skrini kuu.

Mpangilio huo una maana ya kitamthilia ambayo haionekani kwa mtazamo wa kwanza. Nahodha yuko katikati, lakini hawezi kuwaona wote kwa wakati mmoja. Ili kumsikiliza ofisa wa mawasiliano hana budi kugeuza kiti chake. Kugeuka huko ni tendo. Kamera hukifuata kiti, na mtazamaji hutambua ni nani anayepewa sikio la nahodha na ni nani anayesemea mgongo wake. Aidha, duara lilijengwa kwa vipande vilivyoweza kuondolewa kimoja kimoja ili kamera ipate nafasi, na kwa hiyo mtazamaji karibu kila mara huonyeshwa sehemu ya chumba, huku nyingine akijijazia mwenyewe akilini. Kwa watayarishaji, chumba hicho kilikuwa pia akiba. Sayari mpya ilidai mandhari mpya. Chumba cha usukani kilikuwa kimekwisha lipiwa.

Kipindi cha kwanza cha majaribio, The Cage, kilipigwa picha mwishoni mwa mwaka 1964 kwa gharama iliyopita dola 600,000. Shirika la NBC lilikikataa, lakini, kinyume na desturi, likaagiza cha pili. Katika kile cha kwanza chumba kilikuwa cha rangi ya kijivu, na msaidizi wa nahodha alikuwa mwanamke, aliyechezwa na Majel Barrett. Katika mfululizo uliofuata, mwanamke huyo alikuwa ameondolewa, na rangi zilikuwa zimeongezeka, vikiwemo vizuizi vyekundu vilivyozunguka ngazi ya juu. NBC ilimilikiwa na kampuni ya RCA, iliyouza televisheni za rangi. Kuhusu mwanamke kuondolewa, Roddenberry alieleza kwa miaka mingi kwamba shirika halikuvumilia kumwona mwanamke akitoa amri. Wenzake wa karibu, Herbert Solow na Robert Justman, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1996 kwamba pingamizi lilimhusu mwigizaji mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa mpenzi wa Roddenberry. Maelezo yote mawili yamebaki, na msomaji makini atatambua kwamba lile la kwanza ndilo linalompendeza msimuliaji wake.

Kipindi cha kwanza kilionyeshwa kwa hadhira ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966.

4.0 Maneno yaendeshayo chombo

Mwanaisimu anayekitazama chumba hicho hukutana na jambo ambalo mhakiki wa picha huweza kulipita. Chombo hakiendi. Ni mbao, vioo na taa. Kinapopigwa, waigizaji hujirusha upande na kamera huinamishwa. Kinachokifanya kiende ni lugha: nahodha hutoa amri, mshika usukani huirudia, kisha hutaarifu kwamba imetekelezwa. Mfumo huo wa amri, mwangwi na thibitisho ni wa kweli katika meli na ndege, ambako hutumika kuzuia amri isisikike vibaya. Katika televisheni umepewa kazi ya pili, yaani kumwonyesha mtazamaji mwendo ambao bajeti haikuweza kuuonyesha.

Roddenberry aliielewa kazi hiyo vyema. Mwongozo aliowapa waandishi, katika toleo la mwaka 1967, ulianza kwa mtihani, na mtihani wenyewe ulihusu chumba cha usukani. Waandishi walipewa tukio ambamo chombo kimo hatarini na nahodha, badala ya kuongoza, anamkumbatia karani wake wa kike mbele ya maofisa. Kisha waliulizwa tukio hilo lina kosa gani. Majibu ya kitaalamu kuhusu mitambo na silaha yalihesabiwa kuwa makosa. Jibu sahihi lilikuwa kwamba hakuna nahodha wa manowari ya kweli ambaye angefanya hivyo saa ya mapigano. Mwongozo huohuo ulionya dhidi ya kueleza mitambo: askari wa hadithi za polisi hasimami kueleza bastola yake inavyofanya kazi. Hapa rubani na polisi wa zamani wanasikika waziwazi. Kigezo chake cha uhalisi hakikuwa sayansi, bali mwenendo wa watu kazini.

Kipindi kinachoonyesha uwezo wa chumba hicho kikamilifu zaidi ni Balance of Terror, kilichoandikwa na Paul Schneider na kuonyeshwa tarehe 15 Desemba 1966. Umbo lake limetokana na filamu za manowari na nyambizi, hasa The Enemy Below ya mwaka 1957. Chombo cha adui, chenye uwezo wa kutoonekana, kimeharibu vituo vya mpakani. Vita vya mwisho baina ya pande hizo vilipiganwa karne moja kabla, na hakuna aliyewahi kuiona sura ya adui. Kwa saa nzima makamanda wawili, kila mmoja ndani ya chumba chake, wanakisiana mawazo. Hawakutani. Wanaonana mara moja tu, kwenye skrini, wakati mmoja wao amekwisha shindwa na anakaribia kufa.

Hata hivyo, kiini cha kipindi hicho hakimo katika pambano la nje. Picha ya adui inaponaswa na kutokea kwenye skrini, sura inayoonekana ina masikio yaliyochongoka, sawa na ya Spock, ofisa wa sayansi. Mwelekeza njia, Stiles, ambaye ukoo wake ulipoteza watu katika vita vile vya kale, anageuka na kumtazama mwenzake kwa chuki. Katika chumba kingine chochote chuki hiyo ingehitaji maelezo marefu. Hapa duara limekwisha fanya kazi yote. Wote wanamwona Stiles akigeuka, na wote wanajua Spock anajua. Nahodha anamkemea palepale na kumfahamisha kwamba fikira za namna hiyo hazina mahali katika chumba hicho. Adui aliye nje anaweza kungoja. Chombo kinachopasuka ndani hakiwezi.

Ikumbukwe ni nani aliyekuwa akitayarisha mfululizo huo. Miaka 23 kabla, Roddenberry alikuwa akiyapiga mabomu maeneo ya Pasifiki yaliyoshikwa na Wajapani. Sasa, kwenye usukani wa chombo chake, aliketi Sulu, mhusika wa asili ya Asia, aliyechezwa na George Takei, Mmarekani wa asili ya Kijapani ambaye utotoni alifungiwa kambini pamoja na wazazi wake kwa amri ya serikali ya Marekani yenyewe. Kuanzia msimu wa pili, mwaka 1967, kando yake aliketi Mrusi, Chekov, katikati ya vita baridi. Mambo hayo hayakuhubiriwa. Yaliwekwa vitini, mbele ya kamera, yakaachwa.

Waswahili wana methali ya manahodha wengi na chombo kwenda mrama. Chumba cha Roddenberry kinaijaribu methali hiyo kwa namna ya pekee. Nahodha ni mmoja, lakini sauti ni nyingi, na vipindi bora ni vile ambavyo nahodha asingefaulu bila ya kupingwa. Katika The Doomsday Machine cha mwaka 1967, ofisa wa cheo cha juu aliyepoteza watu wake wote anakikalia kiti na kukielekeza chombo kwenye kifo, na Spock hana budi kumwondoa kwa kanuni, bila ngumi. Swali la nani ana haki ya kukikalia kiti kile linajadiliwa na watu walioketi hatua chache kutoka kwacho.

5.0 Uhura

Kwa msomaji wa Kiswahili, kiti cha maana kuliko vyote huenda kikawa kile cha nyuma ya nahodha. Katika kipindi cha pili cha majaribio kilikaliwa na mwanamume mweusi, aliyechezwa na Lloyd Haynes. Mfululizo ulipoanza rasmi, alikikalia Nichelle Nichols (1932–2022), kwa jina la Uhura.

Kwa masimulizi ya Nichols, siku ya usaili alikuwa na kitabu mkononi, Uhuru, riwaya ya Mmarekani Robert Ruark iliyotoka mwaka 1962 na inayohusu Kenya iliyokuwa ikiukaribia uhuru wake. Neno hilo lilimvutia Roddenberry, likalainishwa mwishoni, likawa jina. Njia hiyo ina kejeli yake. Kilio cha kisiasa cha Afrika Mashariki kilifika Hollywood kupitia kwa mwandishi aliyeitazama Kenya kwa jicho la mwindaji na rafiki wa walowezi. Kisarufi, mabadiliko ya irabu hayana msingi wowote katika Kiswahili. Uhuru ni nomino dhahania iliyoundwa kwa kiambishi u- na huru, neno lenye asili ya Kiarabu. Irabu ya mwisho haionyeshi jinsia, kama wanavyothibitisha kina Juma na Musa. Waliolibadilisha walisikia kwa sikio la lugha za Ulaya, ambamo -a mara nyingi ni ya kike. Na bado sikio la Mswahili halilikatai jina hilo, kwa sababu nyingine kabisa ambayo wao hawakuijua: linakaribiana na Zuhura, jina la mwanamke na la sayari. Filamu ya mwaka 2009 ilipomtamkia mhusika huyo jina la kwanza, Nyota, bahati hiyo ilikamilika.

Kiswahili chenyewe kilisikika. Katika kipindi kilekile cha tarehe 8 Septemba 1966, The Man Trap, kiumbe chenye uwezo wa kujigeuza kinajitokeza mbele ya Uhura kama kijana mweusi, kikamsemesha kwa Kiswahili. Katika The Changeling cha mwaka 1967, Uhura aliyefutiwa kumbukumbu anafundishwa kusoma upya, na anapokwama anarudia Kiswahili, huku muuguzi akimsihi aseme Kiingereza. Matumizi yote mawili ni mafupi, lakini yana mantiki ya kiisimujamii isiyo ya kubahatisha: Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya kwanza, lugha ya matamanio na ya akili iliyo uchi, na Kiingereza kuwa lugha ya kazi. Desemba ya mwaka huohuo wa 1966, Maulana Karenga alianzisha sherehe ya Kwanzaa huko California kwa msamiati wa Kiswahili. Lugha hiyo ilikuwa inapata makao katika fikira za Wamarekani weusi, na chumba cha usukani kilikuwa sehemu ya hali hiyo, ingawa haielekei kwamba mwenye chumba aliijua kwa kina.

Hapo ndipo sifa za Roddenberry zinapostahili kupimwa. Mara nyingi alisimuliwa, na alijisimulia, kama mtu aliyepambana peke yake na shirika kuhusu rangi za waigizaji. Lakini mwaka 1966 NBC yenyewe iliwaandikia watayarishaji wake ikiwahimiza kuwatumia zaidi waigizaji wasio weupe. Isitoshe, Uhura alikuwa chumbani lakini mara nyingi hakuwa katika mjadala. Kazi yake ilikuwa kufikisha maneno ya wengine, kuarifu kwamba njia za mawasiliano ziko wazi. Katika Balance of Terror anapewa kwa muda meza ya mwelekeza njia, na wepesi wa tukio hilo unaonyesha ni mangapi yangewezekana kama lingerudiwa. Nichols alieleza mara nyingi kwamba baada ya msimu wa kwanza aliazimia kuondoka, na kwamba Martin Luther King ndiye aliyemshawishi abaki, kwa hoja kwamba kuonekana kwake katika nafasi ile kulikuwa kumekwisha kuwa jambo kubwa kuliko mistari aliyopewa.

Hoja hiyo ya King ilithibitishwa mahali ambapo mhakiki wa fasihi hana kawaida ya kutafuta ushahidi. Kuanzia mwaka 1977 Nichols alifanya kazi na shirika la anga la Marekani, NASA, kuwavuta wanawake na watu wasio weupe waombe nafasi za uanaanga. Septemba 1992 Mae Jemison, daktari ambaye miongoni mwa lugha alizojifunza ni Kiswahili, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani. Alikuwa amemtazama Uhura utotoni, na katika safari hiyo alianza zamu zake kwa kutaarifu, kama Uhura, kwamba njia za mawasiliano ziko wazi.

6.0 Chumba bila ugomvi

Miaka ya mwisho ya mfululizo wa kwanza inasimulika kwa haraka. Kampeni ya barua za watazamaji iliunusuru kwa msimu wa tatu, NBC ikaupangia saa mbaya ya Ijumaa usiku, Roddenberry akajiondoa katika kazi ya kila siku, bajeti ikapunguzwa. Kipindi cha mwisho, cha 79, kilionyeshwa tarehe 3 Juni 1969. Umaarufu wa kweli ulikuja katika miaka ya 1970, vipindi vilipouzwa kwa vituo vya miji mbalimbali na kurudiwa kila siku. Mtunzi alikuwa na sifa nyingi na kazi chache. Filamu ya mwaka 1979 iligharimu fedha nyingi mno, na katika zilizofuata alibakishwa kama mshauri asiye na mamlaka. Tabia zake ngumu zilijulikana: aliandika maneno yasiyowahi kuimbwa katika kipindi juu ya muziki wa utangulizi wa Alexander Courage, ili apate nusu ya mapato yake.

Mwaka 1987 alirudi na mfululizo mpya, The Next Generation. Chumba cha usukani kilichosanifiwa na Andrew Probert kilikuwa kipana, chenye zulia na ukingo wa mbao uliopindwa, na katikati palikuwa na viti vitatu badala ya kimoja. Kilifanana na sebule. Pamoja na chumba hicho ilikuja kanuni: binadamu wa karne ya 24, alisema Roddenberry, wamekwisha komaa, na kwa hiyo maofisa wa chombo hawagombani wao kwa wao. Waandishi walitaabika. D. C. Fontana na David Gerrold, wote wa mfululizo wa kwanza, waliondoka mapema, na wengine wengi waliwafuata.

Inawezekana kuitetea kanuni hiyo. Michael Piller, aliyeshika uongozi wa waandishi katika msimu wa tatu, aliichukua kama arudhi: kizuizi kinacholazimisha ubunifu. Mabishano yalihamishiwa kwa wageni waliopanda chombo, au kwenye chumba cha mikutano kilichokuwa nyuma ya kile cha usukani. Hata hivyo, gharama yake kitamthilia ilikuwa kubwa. Chumba cha mwaka 1966 kilishuhudia Stiles akimgeukia Spock na kukemewa mbele ya wote. Chini ya kanuni mpya Stiles asingekuwepo, na kwa sababu hiyo wala kemeo lisingekuwepo. Mwaka 1991, kwa masimulizi ya mwelekezi Nicholas Meyer, Roddenberry aliyekuwa mgonjwa aliupinga vikali muswada wa filamu ya sita kwa kuwa uliwaonyesha maofisa wa Enterprise wakiwa na chuki dhidi ya adui wa kale. Aliyepinga hivyo ndiye aliyekuwa ametayarisha Balance of Terror. Wakati ule alikuwa bado yuko karibu na vita, na alijua kwamba watu wema huingia katika chumba cha usukani wakiwa wamebeba chuki zao, na kwamba kazi ya chumba ni kuzifanya zionekane kabla hazijaua. Miaka ya sifa, ambamo mashabiki walimwona kama nabii wa wakati ujao, ilimfanya autunze wakati huo ujao dhidi ya watu wake wenyewe.

Alifariki tarehe 24 Oktoba 1991 huko Santa Monica, California, akiwa na umri wa miaka 70. Sehemu ya majivu yake ilipelekwa angani katika chombo cha Columbia mwaka 1992, na nyingine mwaka 1997. Mfululizo uliofuata baada ya kifo chake, Deep Space Nine, ulianza Januari 1993. Waandishi wake walikiweka chumba cha uongozi ndani ya kituo kilichokuwa mali ya wakoloni walioshindwa, wakawajaza humo maofisa ambao tangu siku ya kwanza hawakuaminiana. Kiti cha nahodha cha mwaka 1966 kiliuzwa mnadani mwaka 2002 kwa zaidi ya dola 250,000, kisha kikaonyeshwa katika jumba la makumbusho mjini Seattle, peke yake, bila ya duara lililokizunguka.